Kukarabati nyumba ya miaka ya 50 pale Upanga bila kuziba hewa yake

Tangu nianze kuweka picha za nyumba yetu ya Upanga, swali linalokuja kuliko yote ni kwanini hatukubomoa tukajenga upya, au tukampa mtu kiwanja apandishe ghorofa tugawane fleti. Naelewa watu wanatoka wapi, maana ukipita Upanga siku hizi kila mtaa una mabati ya saiti na winchi juu, na bei anayokutajia dalali ni ya ardhi tu, nyumba yenyewe wala haihesabu. Ila jibu langu halijabadilika. Ile nyumba ilikuwa inajua kuishi Dar kabla mimi sijazaliwa, na kazi yetu kubwa imekuwa kuondoa yale ambayo watu wamekuja kuyabandika miaka na miaka, kutibu kutu, halafu kuiwekea umeme na maji yanayoendana na maisha ya sasa hivi.

Kwa msioijua vizuri, sehemu kubwa ya Upanga ilijengwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 60, familia nyingi za Kihindi zikitoka kwenye vyumba vya juu ya maduka kule mjini kati. Waismailia walikuwa na mikopo ya nyumba kupitia mfuko ulioanzishwa baada ya Diamond Jubilee ya Aga Khan wa Tatu, kiongozi wao wa dini, mwaka 1946, ile ambayo alipimwa uzito kwa almasi hapahapa Dar. Wakati huo ndo wasanifu kama Anthony Almeida, Mgoa, yaani mtu mwenye asili ya Goa kule India, aliyezaliwa Dar 1921 akaenda kusomea Bombay akarudi kufanya kazi nyumbani, walikuwa wanajenga majengo meupe yenye mistari iliyonyooka, mapezi ya zege, yaani vibao vya zege vya kukinga jua, na matundu ya kupitisha upepo. Baadae 1971 serikali ikataifisha majumba ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000, yakaenda kwa Msajili wa Majumba, ofisi ya serikali. Yetu haikuguswa kwasababu mwenyewe alikuwa anaishi humohumo, ila alizeeka, watoto walikuwa nje, ikapangishwa na kupangishwa tena, na kila mpangaji aliacha alama yake.

Sa kabla sijaingia kwenye kazi yenyewe ngoja nieleze nyumba hizi zinavyofanya kazi, maana nadhani hapa ndo watu wengi wanakosa wakaanza kubomoa vitu vya maana. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta, kwahiyo jua la mchana linapita karibu na utosini mwaka mzima, Juni linainamia kaskazini na Disemba kidogo kusini. Maana yake ukuta unaotazama kaskazini au kusini unaukinga kirahisi tu kwa kurefusha ukingo wa paa. Kazi ipo mashariki na magharibi, kule jua linakuja chinichini asubuhi na jioni na ukingo wa paa hausaidii kitu. Ndo maana nyumba yetu imelala kwa urefu mashariki-magharibi, madirisha makubwa yote yako pande mbili ndefu, na ule ukuta wa magharibi una vidirisha vidogo tu na mbele yake mapezi ya zege yamesimama wima. Halafu kuna upepo, kaskazi kuanzia Disemba hadi Machi na kusi kuanzia Aprili, na nyumba ina uwazi pande zote mbili ili upepo uingie huku utokee kule bila kujali msimu. Juu ya kila mlango wa chumba kuna luva za mbao, ukifunga mlango kwa faragha hewa bado inapita. Koridoni kuna ukuta mzima wa tofali za matundu, zile zenye umbo la maua manne, unaleta mwanga na upepo huku mtu wa nje haoni ndani.

Yote haya tulikuta yamezibwa! Matundu yamepigwa plasta upande wa ndani, luva za juu ya milango zimepigiliwa plaiwudi, madirisha ya upande wa kusini yametolewa yakawekwa ya aluminiamu ya kuslaidi, na kila chumba ukuta umetobolewa kuweka kiyoyozi cha dirishani ambacho hakifanyi kazi. Na juu kabisa wakashusha siling ya jipsam yenye mataa ya rangi rangi, ikala karibu sentimita 50 za kimo cha sebule. Ukiingia saa nane mchana unahisi umekaa kwenye daladala iliyofungwa vioo. Kuta za nyuma ya makabati zilikuwa nyeusi kwa ukungu, na wengi walituambia ni maji yanapanda kutoka chini, kumbe ni unyevu wa ndani hauna pa kutokea.

Kwahiyo kitu cha kwanza kabisa, kabla ya rangi, kabla ya jiko, kabla hata ya kuita fundi umeme, tulizibua. Nawashauri na nyie muanze hapo kama mna nyumba ya namna hii, kwasababu ni kazi ya bei ndogo na itakuonyesha nyumba yako ni nyumba ya aina gani. Plasta ya kwenye matundu tuliitoa kwa patasi ndogo na nyundo, taratibu, tundu moja moja, maana tofali zile ni nyembamba ukipiga kwa pupa zinakatika. Zilizovunjika tulichonga kalibu ya mbao kwa kipimo cha ileile ya zamani, tukamwaga mpya kwa saruji na mchanga mwembamba, tukazimwagia maji wiki nzima kabla ya kuziweka. Ukuta ulipofunguka wote, mapazia ya upande wa pili wa nyumba yalianza kucheza. Mama mkwe wangu alikuwa amekaa pale na kanga yake ya kujipepea, akaiweka pembeni.

Swala la madirisha ndo lililoleta ubishi mkubwa nyumbani na kwa mafundi. Kila fundi aliyekuja alisema luva za dirishani, vile vioo vyembamba vinavyolazwa na kusimamishwa, zimepitwa na wakati, weka aluminiamu. Mi nikawa nawaambia angalia dirisha la kuslaidi, hata ulifungue lote nusu ya uwazi imezibwa na kioo kingine, wakati luva ukizilaza unapata karibu uwazi wote, na mvua ya manyunyu ikija unaziinamisha maji yanabaki nje na upepo unaendelea kuingia. Ubaya wake upo pia nausema, luva hazizibi vizuri, vumbi linaingia, kiyoyozi kinaishia kupooza hewa ya nje, na mwizi anaweza kuvuta kioo kimojakimoja. Tulichofanya ni kugawa nyumba. Sebule, koridoni na jikoni tumerudisha luva, klipu na mikono yake bado zinapatikana ukizunguka maduka ya mtaa wa Gerezani hapa Dar, vioo tumekata vya milimita 6. Grili za zamani za chuma zenye michoro ya pembe pembe tulizitoa, tukazipiga brashi la waya, rangi ya kuzuia kutu, tukarudisha zilezile. Vyumba viwili vya kulala ndo tumeweka madirisha ya kufunguka kwa bawaba yenye raba ya kuziba, hapo kiyoyozi kinafanya kazi usiku wa Februari ukizidi, na milango ile yenye luva juu tumeweka kioo cha ndani cha kufungua na kufunga. Nyavu za mbu kila dirisha, kwenye fremu za kuchomoka ili zioshwe. Pangaboi kila chumba. Kiukweli ukiwa na pangaboi na upepo unapita, kiyoyozi unakiwasha miezi michache tu ya mwaka.

Sasa terazo. Hii ni sehemu naipenda kupita maelezo.

Chini ya marumaru za bei rahisi ambazo mpangaji mmoja aliweka kulikuwa na terazo ya kumwaga, yaani sakafu ya saruji na chenga za mawe iliyosagwa ikalainika, nyumba nzima. Tulijua kwasababu chini ya kabati la ukutani hawakufika. Fundi tuliyempata ni mzee wa Temeke, kaifanya kazi hii tangu kijana chini ya mafundi wa Kihindi. Siku aliyokuja tukamsalimia, shikamoo mzee, akaitikia marahaba huku macho yako chini, akapiga goti pale kwenye kabati, akamwaga maji kidogo kutoka kwenye chupa yake ya kunywa akafuta kwa kiganja. Zikatokea chenga nyeupe, chenga za kijivu zinazokaribia kijani, na chache nyekundu iliyoiva, na mkanda mwembamba wa shaba unaogawa sakafu kwenye miraba mikubwa. Akasema "hii mawe yake yamepangwa na mtu mwenye subira", halafu akauliza ni nani alifunika.

Kutoa marumaru juu ya terazo usikubali mtu alete mashine kubwa ya kubomolea. Mzee alilaza patasi karibu igusane na sakafu, akawa anasukuma kutoka pembeni, gundi iliyobaki ikaachwa ije iliwe na mashine ya kusaga. Mashimo yaliyotoka, na kulikuwa na mengi hasa walipopitisha bomba, alijaza kwa saruji nyeupe, rangi ya unga kidogo na chenga za mawe. Ila kwanza alitengeneza vibandiko vidogo vya majaribio kwenye kipande cha ubao, mchanganyiko tofauti tofauti, akaviacha vikauke kabisa ndo tukachagua, kwasababu rangi ikiwa mbichi inakudanganya. Baada ya hapo ni kusaga kwa maji, unaanza na jiwe la kukwaruza sana unaenda unapunguza hadi jiwe laini kabisa. Ule uji wa kijivu unaotoka unauzoa kwa ndoo, usithubutu kuusukumia kwenye floo dreni, una saruji ndani yake ukikauka bomba imekwisha. Mwisho tumepaka sila ya mawe, dawa ya kuziba vitundu, inayoingia ndani, hatukutaka ile ya kung'aa kama kioo, ikilowa mtu anateleza na nyumba ina bibi na watoto. Na kuosha ni sabuni laini na maji basi. Zile dawa za chooni zenye asidi zinaila terazo, chenga zake ni marmari, na asidi na marmari havikai pamoja.

Kwenye zege ndo pesa ilipokwenda zaidi kuliko tulivyopanga, na sioni kama kuna mwenye nyumba ya zamani karibu na bahari anaweza kulikwepa hili. Chumvi ya hewani inaingia kwenye zege miaka na miaka ikifika kwenye nondo inaanzisha kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, kwahiyo inalipasua zege kutokea ndani. Mapezi yetu ya magharibi yalikuwa yanamwaga vipande, na chini ya ukingo wa paa nondo zilikuwa wazi. Injinia alipita na nyundo ndogo anagonga kila sehemu, pazima panalia kwa sauti kali, palipoachia panalia bwii kama patupu, anachora duara kwa chaki. Tulipomaliza nyumba ilikuwa na maduara kila mahali. Miaka yote mafundi walikuwa wanakuja kupiga plasta juu ya ufa na kupaka rangi, mvua mbili tatu ufa unarudi mpana zaidi. Dawa yake ni kuchimba zege bovu hadi nyuma ya nondo, kusugua kutu mpaka chuma kionekane, nondo iliyolika sana unaikata na kuunganisha nyingine, unapaka dawa ya kuzuia kutu, ndo unajaza kwa mota maalum ya kukarabatia zege, tabaka kwa tabaka. Kazi ya kuchosha macho na inayotaka mtu asimame pale muda wote, maana fundi akikuona umeondoka anatamani kupiga plasta aende nyumbani.

Paa letu la mbele ni slebu bapa ya zege, la nyuma juu ya jiko na stoo lilikuwa la asbesto. Slebu tulitoa tabaka zote za lami za zamani zilizopandana, tukamwaga skridi, tabaka la saruji, yenye mteremko kuelekea kwenye matoleo ya maji, tukaongeza na toleo moja maana masika ya Dar ikiamua kunyesha inanyesha, kisha membreni ya kuchoma, ile shiti ya kuzuia maji inayobandikwa kwa moto, na juu yake rangi nyeupe ya kurudisha jua. Kabla ya kukubali kazi tuliziba matoleo yote tukajaza maji juu tukayaacha usiku kucha, tukakagua chini kama kuna palipolowa. Weupe unasaidia sana, slebu ikiwa nyeusi inabeba joto la mchana kutwa na inalishusha vyumbani usiku mnapotaka kulala.

Asbesto naomba mnisikilize vizuri. Ile ya bati za mawimbi za kijivu ikiwa nzima na imetulia haina haraka ya kukudhuru, hatari ni kuikata, kuitoboa, kuivunja, hapo vinyuzi vinaruka vinaingia kwenye mapafu na madhara yake yanaonekana baada ya miaka mingi, kansa ikiwemo. Nimeona saiti hapo mtaani vijana wanazidondosha kutoka juu zinavunjika vipande, vumbi jeupe, hawana hata kitambaa puani, na watoto wanapita kwenda shule. Iliniuma sana. Sisi zilimwagiwa maji kwanza, zikafunguliwa misumari moja moja, zikashushwa nzima, zikafungwa kwa plastiki nene, vijana wamevaa barakoa za vumbi laini na ovaroli za kutupa. Hizo ni taka hatarishi, wapigie NEMC, baraza la taifa la mazingira, wakuelekeze kabla hujagusa hata moja, zisiishie dampo la kawaida wala kujazia shimo la mtu.

Umeme sina mengi, badilisha wote. Nyaya za wakati ule zilikuwa na ganda la mpira, mpira umekauka ukiushika unavunjika mkononi, ethi haipo sehemu nyingi, na nyumba nzima ilikuwa imepangiwa taa, redio, friji moja na pasi. Leo kuna hita ya maji, viyoyozi viwili, oveni, mashine ya kufulia, chaja za kila mtu. Tumeweka breka za kila sakiti peke yake na ile inayokata umeme unapovuja, tumechimbia ethi rodi mpya. Kwakuwa hatukutaka kuchimba kuta zenye zege, nyaya nyingi tumezipitisha kwenye bomba za chuma juu ya ukuta, zimenyooka vizuri, zimepakwa rangi ya ukuta, na zinaendana na nyumba. Maji pia, mabomba ya chuma yalikuwa yameziba kwa kutu hadi tundu limebaki la penseli, tumeweka ya plastiki ya PPR, simtanki mbili nyuma na pampu.

Jiko lilikuwa la kizamani, chumba kidogo kimejitenga nyuma, na kila mtu mwenye umri wangu anataka jiko lililo wazi kwa sebule. Injinia alithibitisha ule ukuta haubebi kitu, mzigo uko kwenye nguzo na bimu, tungeweza kuutoa wote. Mama mkwe akasema, "Sasa mwanangu, samaki atakaangwa sebuleni?" Ana haki. Tumefungua ukuta kuanzia usawa wa kaunta kwenda juu, mtu anayepika anaongea na waliokaa sebuleni, na mlango wa nyuma tumejenga jiko la uani lenye kibaraza, hapo ndo samaki, vitumbua na mkaa wa nyama choma vinapofanyika, moshi unaenda zake. Watu wanatumia yote mawili kila siku.

Milango ilikuwa ya mninga chini ya tabaka nyingi za rangi ya mafuta. Tumekwangua, msasa, mafuta ya mbao, imetosha. Rangi za kuta ni nyeupe ya chokaa kote isipokuwa ukuta mmoja wa sebule ambao tulikuta chini ya rangi zote kuna kijani ya kufifia tukaichanganyisha upya dukani.

California kuna nyumba za wakati huohuo, za mjenzi Joseph Eichler, alijenga karibu 11,000, na leo watu wanazitafuta kwa udi na uvumba, wanabishana mpaka rangi ya mlango wa mbele iwe ya wakati ule. Kwetu mjadala wa majengo ya kutunzwa unaishia kwenye yale ya Wajerumani na nyumba za zamani za mawe. Soko la Kariakoo, kazi ya msanifu Beda Amuli, lenye miavuli yake ya zege, lilifunguliwa 1975 na watu wengi walianza kuliongelea kama kazi ya usanifu lilipoungua Julai 2021. Nyumba za watu binafsi ndo kabisa hazina mtetezi, zinaondoka wikiendi moja, Jumatatu unakuta uzio wa mabati. Na pamoja nazo zinaondoka terazo, mninga, na mafundi kama yule mzee wanabaki bila kazi ya kuwafundishia vijana. Kijana wake mmoja alikuwa anashika mashine siku za mwisho, na tayari nimempa namba za majirani wawili wenye marumaru juu ya sakafu zao.

Kilichobaki ni boi kota kule nyuma, chumba kimoja na choo, paa lake pia ni asbesto. Mume wangu anataka iwe ofisi, mi nataka tupangishe. Kibali tumeshaomba halmashauri na paa tutalitoa kabla ya vuli kuanza. Wenye maswali ya terazo au ya luva niulizeni, nitajibu na bei za wakati tuliponunua.